Gari Likianza Kuchemka: Jinsi ya Kusoma Dalili Kabla Injini Haijafa

Magari mengi yanayotembea Uganda ni ya mtumba kutoka Japani: Premio, Spacio, Wish, Noah, Harrier. Injini zake hazifi haraka kwa uzee. Kinachoziua mara nyingi ni joto, na joto hilo hutoa dalili mapema. Kwa hiyo tuanze na rejeta, kifaa cha mbele kinachopoza maji ya injini.

Fungua boneti asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Kopo la akiba la kulanti (maji ya kupoozea injini) liwe kati ya alama mbili. Usiishie hapo: fungua na kifuniko cha rejeta, kwa sababu kopo linaweza kuwa limejaa huku rejeta imepungua. Kulanti ifike mdomoni. Ukiona maji ya rangi ya kutu, au utandu wa mafuta unaelea juu, ukaguzi wa siku hiyo umeshakulipa.

Kifuniko chenyewe hudharauliwa sana. Juu yake kumeandikwa 0.9 au 1.1, yaani presha kinayoizuia. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapo kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, mji wa milimani kusini-magharibi, karibu mita 2,000, huchemka kwenye 93. Injini nayo hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Umeona nafasi iliyobaki ilivyo finyu. Presha ya kifuniko ndiyo inayosukuma kiwango cha kuchemka kupita 110. Mpira wake ukikauka na kupasuka, gari litachemka hata kama pampu, feni na rejeta ni vizima. Kabla hujakubali injini ifunguliwe, nunua kifuniko kipya chenye namba ileile.

Maji ya bomba ni ya dharura tu. Yanaleta kutu na ukoko unaoziba vijia vyembamba vya rejeta. Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri (si asidi!), au nunua iliyokwisha kuchanganywa. Na fundi akikuambia dawa ya joto ni kung'oa thamostati, yaani vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto, mkatalie. Bila thamostati injini hukaa baridi mno, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inachafuka, na ubovu halisi bado upo palepale.

Ubovu huo unaweza kuukisia kwa kuangalia mshale wa joto unapanda wapi. Ukipanda kwenye foleni ya Kampala kisha ukashuka gari likishika kasi, mshuku feni: fyuzi, rilei, mota yake au sensa. Washa AC gari likiwa limesimama; kwenye magari mengi feni inapaswa kuzunguka mara moja. Ukitulia mjini lakini ukapanda kwenye milima ya kuelekea Kabale, tatizo ni mzunguko wa maji: rejeta imeziba, thamostati haifunguki yote, au pampu imechoka. Maji yakipungua kila wiki bila tone chini ya gari, kagua zulia la upande wa abiria kama limelowa (hita huvujia humo), halafu mwambie fundi apime gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Povu linalotoka mfululizo mdomoni mwa rejeta injini ikiunguruma, au paipu ya juu kuwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, ni dalili kwamba gasketi imeungua.

Mshale ukikaribia nyekundu barabarani, zima AC, fungua hita hadi mwisho (ndiyo, na jua lile lile), tafuta pa kuegesha na uzime injini. Subiri dakika 45. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto, wala usimwagie injini maji baridi: hedi ya alumini hupinda. Tena, mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla usishukuru. Huenda maji yameisha na sensa inapima hewa tupu.

Oili haihitaji maneno mengi. Egesha pasipo mteremko, subiri dakika tano baada ya kuzima, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena ndipo usome. Injini ndogo za Toyota, za cc 1500 hadi 1800, huchukua karibu lita 4 pamoja na filta. Badilisha vyote viwili kila kilomita 5,000. Foleni na vumbi haviruhusu zaidi. Mwenye injini ya Toyota ya 1800 aina ya 1ZZ-FE iliyotengenezwa kabla ya 2005 apime kila wiki, maana inajulikana kwa kula oili, na moshi wa bluu asubuhi ndio ushahidi. Moshi mweusi ni petroli kuzidi. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni kulanti inayoungua, ila mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi usikutie hofu. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Ita gari la kuvuta.

Kwenye barabara za murramu, fungua filta ya hewa kila kilomita 5,000. Ipulize kutoka ndani kwenda nje, upepo usiwe mkali. Usiioshe kwa petroli. Karatasi ikitoboka, vumbi linakwenda kusaga silinda.

Giaboksi: Premio ya toleo lililoanza 2007 ina CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, na haikubali mafuta ya otomatiki ya kawaida. Simama na fundi mpaka uone maandishi ya kopo.

Breki. Pedi ikibaki milimita 3, badilisha. Mlio mwembamba kama filimbi ni kibati kinachokuonya. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma maana yake diski inaliwa. Kanyagio likizama polepole, fluidi inavuja au masta silinda imechoka; likiwa laini kama sponji, kuna hewa au fluidi imenyonya unyevu, basi weka mpya kila miaka miwili, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko chake kinavyosema. Kwenye miteremko mirefu ya Kigezi, eneo la milima la Kabale, shusha gia, hata gari likiwa otomatiki, tumia 2 au L. Ukishuka kwa breki pekee fluidi huchemka, na kanyagio linafika sakafuni bila kushika kitu.

Sauti nazo zisikilize redio ikiwa imezimwa. Taktaktak ukikata kona hadi mwisho ni CV jointi, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu, na mpira wake uliopasuka huacha grisi ndani ya rimu. Mngurumo unaopanda na kasi ni beringi ya gurudumu. Kugonga kwenye mashimo huwa ni bushi, boljointi au linki za stabilaiza, na spea hizo hazikosekani Kisekka, soko la spea la Kampala. Zishike mkononi kwanza, mpira uliokauka hupasuka nyuzinyuzi ukiukunja.

Tairi la mtumba halinunuliwi kwa kutazama meno tu. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililozidi miaka sita liache hapo hapo dukani.