Namna ya Kuendesha kwa Mwendo Unaofaa na kwa Uungwana Barabarani

Dereva anayetaka kuwatendea wenzake kwa uungwana na aanze na mwendo wake, kwa sababu adabu nyingine zote za barabarani, iwe ni kumpisha mwenzako, kuwasha ishara mapema au kusimama kwenye kivuko, zinahitaji muda, na mwendo kasi ndio unaoula muda huo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takriban mita 14 kila sekunde. Likifika kilomita 100 kwa saa, sekunde hiyo hiyo hulipeleka mita 28. Hata dereva aliye makini huhitaji sekunde moja au zaidi kuiona hatari, kuitambua na kuufikisha mguu kwenye breki, na muda wote huo gari huwa halijapunguza chochote. Breki zinapokuja kushika, hesabu huwa nzito zaidi: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kufunga breki hadi kusimama huongezeka mara nne. Kwenye lami kavu na tairi nzima, gari la kilomita 50 kwa saa husimama ndani ya mita kama 14 tangu breki ziliposhika, ilhali lile la kilomita 100 huhitaji mita kama 55. Lami ikilowa, umbali huo hurefuka zaidi.

Ipime faida unayoitafuta. Safari ya kilomita 20 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huchukua dakika 15, na kwa kilomita 100 kwa saa huchukua dakika 12. Dakika hizo 3 hupatikana tu ikiwa njia ni nyeupe mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo ni nadra, kwani taa nyekundu moja au lori moja mlimani huzimaliza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Sioni safari ya kawaida inayostahili kubadilishana hayo mawili. Kwa hiyo toka mapema, na ukishachelewa kubali kwamba umechelewa. Kumbuka pia kuwa kibao cha mwendo huweka ukomo wa juu. Mvua, ukungu, giza, mashimo au watoto kando ya njia hukutaka uende chini ya ukomo huo, hata kama hakuna askari anayekutazama.

Hatua ya pili ni kuacha nafasi mbele yako. Chagua kitu kilichosimama kando ya barabara, kama nguzo au kibao, na gari la mbele likikipita anza kuhesabu taratibu. Wewe usikifikie kabla ya sekunde 2 kutimia, na wakati wa mvua uzifanye 4. Unapokuwa nyuma ya lori au basi ongeza zaidi, kwa sababu usipoviona vioo vya pembeni vya lori, dereva wake naye hakuoni. Utaona kwamba nafasi hiyo huwavutia wanaopenda kuchomekea. Waache waingie, ondoa mguu kwenye mafuta, na uijenge nafasi upya. Kila anayeingia anakugharimu sekunde chache tu. Naye anayekuganda nyuma usimtishe kwa kugusa breki ghafla. Ongeza nafasi iliyo mbele yako, ili ukilazimika kupunguza upunguze polepole naye apate kuona, kisha mpishe mara upatapo mahali salama.

Kulipita gari jingine ndipo uungwana unapopimwa kwa ukali. Kabla ya kutoka, tazama mbele kama njia ni wazi kwa umbali wa kutosha wewe kwenda na kurudi, tazama vioo, geuza kichwa kidogo ukague upande usioonekana kwenye vioo, kisha washa ishara. Kwenye kona, kileleni mwa mlima, darajani na penye mstari usiokatika, subiri. Usifuate kichwa kichwa gari lililokutangulia kupita, kwani dereva wake aliiona nafasi ya gari moja, nawe huenda huoni kitu mbele yake. Ukishapita, usirudi mpaka ulione gari ulilolipita zima kwenye kioo cha ndani. Anayepitwa naye ana wajibu wake, na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani umeuandika wazi: akae upande wake wa njia na asiongeze mwendo. Kumkanyagia mafuta mtu aliyekwisha kutoka ubavuni mwako ni kumning'iniza mbele ya gari linalokuja, na ninalihesabu kuwa tendo baya kuliko matusi yoyote ya dirishani.

Katika foleni, njia mbili zinapobanwa kuwa moja, utaratibu unaokwenda vizuri ni kupeana zamu, gari moja la upande huu kisha moja la upande ule, kila mtu akiwa amebaki katika njia yake hadi karibu na mahali pa kuungana. Kutanua kwa kupita nje ya barabara ni jambo jingine kabisa, kwa maana huko nje ndiko wanakotembea watu na ndiko gari la wagonjwa hulazimika kupita njia ikifungwa.

Kwenye vivuko panahitaji uangalifu wa aina yake, kwa sababu huruma isiyotazama vioo inaweza kuua. Ukimsimamia mtembea kwa miguu kwenye barabara ya njia mbili za kuelekea upande mmoja, gari lako linamficha asionekane na dereva anayekuja njia ya pili. Simama mapema kidogo, nyuma ya mstari, ili aonekane. Usimpungie mkono kumwambia avuke, mwache atazame mwenyewe na aamue. Nawe ukiona gari limesimama kabla ya kivuko, usilipite hata kama huoni mtu.

Honi ni ya kuonya hatari, si ya kuharakisha foleni wala kumwita mtu nje ya nyumba yake. Taa nazo zitumike kwa hadhari, maana kumulika mara moja kwa dereva mmoja ni "pita", na kwa mwingine ni "nakuja, usipite". Usikuchukulie kumulika huko kuwa ruhusa mpaka umeliona gari lenyewe likipunguza mwendo. Usiku shusha taa kubwa unapopishana na mwenzako, na vilevile unapomfuata mtu kwa karibu, kwani vioo vyake humrudishia mwanga wote machoni. Akikataa kushusha zake, usimjibu kwa zako. Punguza mwendo na utazame ukingo wa barabara wa upande wako mpaka apite.

Ukimkosea mtu, inua mkono umwombe radhi waziwazi. Ishara hiyo ndogo huzima ugomvi mwingi. Ukikosewa wewe, usimfukuze aliyekukosea, usimzibie njia, wala usishuke garini kwenda kudai maelezo. Akikufuata kwa hasira, funga milango na vioo, usisimame mahali pasipo na watu, na uelekee penye watu wengi au kituo cha polisi.