Tumbo lisilotanuka: hatua za kuigundua linitisi plastika

Saratani nyingi za tumbo hujionyesha zenyewe: kidonda chenye kingo zilizoinuka, au uvimbe unaotoa damu ukiugusa tu. Linitisi plastika, saratani inayosambaa ndani ya ukuta wa tumbo, haina adabu hiyo. Seli zake hupenya mojamoja chini ya utando wa ndani na kuukaza ukuta, huku utando wenyewe ukionekana mzima. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ana gesi, akapewa dawa, akarudi baadaye tumbo limejaa maji. Haya nawaandikia madaktari na matabibu wenzangu wanaopima au wanaoandika rufaa.

Hatua ya 1: Sikiliza, kisha papasa

Anayeshiba kwa matonge mawili matatu, anatapika na anakonda, mpeleke endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni) bila kungoja kozi nyingine ya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi. Dawa hiyo hutuliza maumivu, na hata kidonda cha saratani kinaweza kufunga juu kwa muda. Umri mdogo usikulaghai. Aina hii huwapata vijana kuliko saratani ya kawaida ya tumbo.

Tafuta mtoki juu ya mtulinga wa kushoto na kinundu kigumu kitovuni, kisha pima puru kwa kidole. Kwa mwanamke ongeza ultrasaundi ya nyonga: saratani hii hupenda kutua kwenye ovari, na wapo wanaoanzia kwa daktari wa wanawake.

Hatua ya 2: Jaza hewa

Usikimbilie kusaka kidonda. Puliza hewa taratibu huku ukitazama mikunjo. Tumbo lenye afya hutanuka na mikunjo hulala. Ikibaki minene na imesimama, na mgonjwa anacheua hewa kabla hujapata nafasi ya kuona vizuri, shuku. Gusa ukuta kwa koleo la endoskopi lililofungwa: wenye afya hubonyea, huu husogea wote kwa pamoja kama kiriba kilichokauka. Andika kwenye ripoti waziwazi, "tumbo halitanuki". Wengi huandika "gastritisi" (mwasho wa utando wa tumbo) wakapita, na hapo ndipo mgonjwa anapopotea.

Endoskopi ikiwa mbali, eksirei ya kunywa bariamu, dawa nyeupe inayoonyesha umbo la tumbo, isidharauliwe. Wakati mwingine huonyesha vizuri zaidi wembamba na ugumu wa tumbo kuliko kamera.

Hatua ya 3: Chimba

Biopsi (kipande cha nyama cha kupimwa maabara) ya juujuu hurudi safi kwa sababu koleo limeng'ata utando, na ugonjwa uko chini yake. Hakikisha kwanza mgonjwa hatumii dawa za kuzuia damu kuganda. Penye mchubuko au rangi iliyopauka, anza hapo. Chukua vipande 6 hadi 8 au zaidi, lakini usivitawanye vyote: chagua sehemu mbili, ng'ata, kisha rudisha koleo kwenye shimo lilelile ung'ate tena, na tena. Damu itaziba mandhari. Osha kwa maji, subiri, endelea. Vipande vya shimoni viwe na chupa yao, ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhia, ya asilimia 10.

Hatua ya 4: Fomu ya maabara

"Maumivu ya tumbo" haimsaidii mpatholojia. Andika mikunjo minene, ukuta mgumu, unashuku saratani ya kusambaa. Seli zake zimejaa ute uliosukuma kiini pembeni, na zikiwa chache huweza kudhaniwa makrofaji (seli za kinga) zenye mafuta. Omba rangi ya PAS, inayoonyesha ute, na kipimo cha sitokeratini, protini inayotambulisha seli za saratani hii. Mgonjwa aliyewahi kuugua saratani ya titi, mtaje: ile ya lobuli (vitezi vya maziwa) husambaa hadi tumboni ikafanana na hii, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Hatua ya 5: Jibu likirudi safi

Tumbo gumu na jibu safi havipatani, na mimi huliamini tumbo. Rudia biopsi. Penye endoskopi ya ultrasaundi, tazama kama tabaka la tatu na la nne ya ukuta wa tumbo yamenenepa, upitishe sindano humo. Isipokuwepo, fanya CT skani mgonjwa akiwa amekunywa maji ya kutosha. Wakati huohuo fikiria limfoma (saratani ya seli za limfu), kifua kikuu cha tumbo na ugonjwa wa Ménétrier, unaonenepesha mikunjo ya tumbo.

Hatua ya 6: Kabla ya upasuaji

CT hukosa mbegu ndogo za saratani kwenye peritoneamu (utando wa ndani ya fumbatio), na hata PET, skani inayofuata sukari mwilini, mara nyingi haizioni seli hizi kwa kuwa hunyonya sukari kidogo. Fanya laparoskopi (kamera kupitia tundu dogo la fumbatio) na uoshe nafasi ya ndani ya fumbatio kwa maji ya chumvi. Seli za saratani zikionekana kwenye maji hayo, saratani imefika hatua yake ya nne, ya kusambaa, hata kama jicho halikuona uvimbe.

Hatua ya 7: Ukoo

Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand walionyesha, katika ukoo wa Wamaori, kwamba kasoro ya jeni ya CDH1 hurithisha saratani hii. Uliza kuhusu saratani ya tumbo na ya titi pande zote mbili, za baba na mama, na umri wa kila aliyeugua. Majibu yakitia shaka, mpe rufaa ya kipimo cha jeni. Jamaa atakayekutwa na kasoro hiyo usimtulize kwa endoskopi moja safi: anahitaji kuzungumza na daktari bingwa kuhusu kuondolewa tumbo mapema, na mwanamke aanze pia kufuatiliwa matiti.