Kugawa kazi za duka la mtandaoni bila kugawa PIN

Jumapili iliyopita mdogo wangu wa Arusha, anayeuza ndala za shanga kupitia Instagram, alikuja Moshi macho mekundu. Saa sita usiku anajibu "bado ipo?", saa kumi na mbili asubuhi yuko stendi na mizigo. Tulikaa kibarazani mpaka giza likaingia, nikimweleza ninavyogawa kazi zangu. Mimi nauza mitumba ya watoto: mabelo nafungua mwenyewe, nyingine nachagua moja moja kwenye masoko ya Memorial na Kiboriloni. Mwaka wa kwanza wote nilifanya kila kitu peke yangu, kwa ubishi tu. Nimeyaandika hapa kwa sababu baada ya yeye kuondoka wengine wawili wameniuliza yale yale.

Hatua ya 1: Andika saa zako wiki nzima

Daftari la shule linatosha. Ukianza kazi andika saa, ukimaliza andika saa. Usikadirie. Mimi ningeapa kwamba kinachonimaliza ni kupiga picha. Daftari likasema ni pasi na inboksi.

Kisha tafuta bei ya saa yako. Chukua faida ya mwezi (faida, si mauzo), gawanya kwa saa ulizofanya kazi. Faida ya shilingi 600,000 kwa saa 260 ni kama shilingi 2,300 kwa saa. Dobi wangu wa Majengo ananipigia pasi nguo 30 kwa shilingi 6,000. Nikipiga mwenyewe zinakula saa tatu, yaani shilingi 6,900. Ukiangalia hela tu, kumpa dobi kumeniokolea 900 tu, na hapo unaweza kusema afadhali nipige mwenyewe. Lakini saa zile tatu zilikuwa za asubuhi, na mwanga wa asubuhi ndio wa picha zangu. Anayeijua Moshi ya Julai, mawingu yanavyolala juu ya mji, anajua jua likitoka halisubiri mtu amalize kupiga pasi. Kwa hiyo usitazame idadi ya saa peke yake, tazama ni saa zipi.

Hatua ya 2: Chagua kazi ya kutoa

Toa ile inayojirudia na ambayo ikikosewa inarekebishika: pasi, kufunga mizigo, kupeleka stendi, kujibu bei na saizi. Bakiza kuchagua nguo, kupanga bei na kushika pesa. Anza na moja.

Hatua ya 3: Tafuta mtu

Usianze na ndugu. Najua mpo wengi mtakaobisha, lakini ndugu akichelewesha mzigo utamsema vipi na mama yenu anasikia? Mimi napenda wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi. Wanaandika Kiswahili kinachosomeka, na jioni wako huru, ndio muda wateja wanaoamka. Mpe siku tatu za majaribio na umlipe hata kama hamtaendelea. Mkabidhi yule mteja wako msumbufu, anayeomba picha kumi halafu anasema "nitarudi". Utamjua mtu wako hapo hapo.

Hatua ya 4: Andika maelekezo ya ukurasa mmoja

Voisi ya dakika nane si maelekezo. Keshokutwa hakuna atakayeisikiliza tena. Chukua majibu yako mwenyewe kwa wateja, yale uliyoyarudia mara mia, uyaweke kama majibu ya haraka kwenye WhatsApp Business. Anaandika mkwaju (/) na neno fupi, jibu linatokea. Mwisho wa ukurasa andika mambo matatu ambayo lazima akuulize kabla ya kujibu. Kwangu ni punguzo, kurudisha nguo, na mteja aliyekasirika.

Hatua ya 5: Mpe funguo, usimpe nyumba

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilie.

Msaidizi wangu wa kwanza nilimkabidhi simu yenyewe. Laini moja, ndani yake WhatsApp ya biashara na pesa za simu pamoja. Akapata msiba, akaenda Rombo na simu kwenye pochi, chaji ikaisha. Siku mbili sioni oda, sioni hela. Nikijaribu kuingia kwa simu nyingine, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini iliyoko Rombo. Binti wa watu hakuiba hata senti. Mpangilio wangu ndio ulikuwa mbovu.

Sasa nina laini mbili.

Ya kwanza ni ya WhatsApp, na simu yake haitoki nyumbani kwangu. Msaidizi anafungua WhatsApp Web kwenye kompyuta yake, mimi naingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, naskani ile alama ya mraba, anaanza kazi. Unaweza kuunganisha hadi vifaa vinne zaidi ya simu kuu. Mkiachana, unafungua orodha hiyo hiyo na kukiondoa kifaa chake. Hakuna kufuatana mpaka hosteli kudai simu. Ila simu kuu usiizime ukaifungia kabatini, kwa sababu isipotumika zaidi ya siku 14 vifaa vyote vinatolewa. Halafu kumbuka aliyeunganishwa anasoma kila kitu, pamoja na umbea wako na shangazi. Namba ya biashara iwe ya biashara tu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, na ikae kichwani mwako. Msaidizi haihitaji kwa kazi yoyote.

Tena namba za wateja si mali ya kugawa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, mama aliyekupa namba yake anunue sweta la mtoto hakukupa ili kesho apigiwe na muuza vyombo. Mimi namwambia msaidizi siku ya kwanza: hakuna kunakili namba kwenye simu yako.

Laini ya pili ni ya pesa, nayo iko kwenye kitochi. Hicho ndicho ninachomwachia msaidizi saa za kazi. Ujumbe wa malipo ukiingia anauona, lakini kutoa hawezi, kwa sababu PIN ninayo mimi. Laini hiyo isiwe na WhatsApp, wala isiwe ndiyo ya kurudishia barua pepe au Instagram yako. Ukichanganya hapo umerudi Rombo. Imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu, kwa hiyo ikipotea ni mimi ninayekwenda kuirudisha, na akisafiri kitochi kinabaki kwangu.

Kwa nini asiniulize tu kama hela imeingia? Aliuliza mwanzoni, nikawa najibu meseji zake badala ya za wateja. Nikamwambia ajiamulie. Mteja mmoja akatuma skrinishoti ya malipo ya shilingi 145,000, nzuri kabisa, ina hadi namba ya muamala. Mzigo ukapanda basi la Dodoma. Hela haijafika mpaka leo.

Tangu siku hiyo kwenye ukurasa wetu imeandikwa kwa wino mwekundu: skrinishoti si malipo. Malipo ni ujumbe ulioingia kwenye kitochi, na aliyeutuma awe jina la huduma yenyewe, si namba ya simu ya mtu. Wapo wanaotunga maneno yale yale, nukta kwa nukta, wakayatuma kwa laini ya kawaida. Akishauthibitisha anaandika namba ya muamala kwenye jedwali la Google, mstari wa oda ile. Mzigo wa zaidi ya 100,000 unasubiri mimi niangalie salio. Usiku naketi na jedwali upande huu na salio upande huu; dakika kumi.

Jedwali hilo hilo ndilo lililotuokoa na kuuza gauni moja kwa watu wawili. Mitumba haina pacha. Kuna safu ya "kashika nani", na jina likiwekwa hapo nguo haitajwi kwa mwingine mpaka saa nne zipite bila malipo. Watu wananishauri nitumie kikundi cha WhatsApp kufuatilia oda. Sitaki. Kikundini oda inazama chini ya "asante" na "poa" ishirini.

Kwa Instagram usitoe nywila. Unganisha peji na Meta Business Suite, sehemu ya kusimamia kurasa za biashara za Instagram na Facebook, mwongeze kwa akaunti yake, mpe ruhusa ya ujumbe na machapisho tu. Fanya kwa kompyuta.

Hatua ya 6: Mizigo

Bodaboda mmoja, yule yule kila siku. Akifika ofisi ya basi anapiga picha ya stakabadhi, jina na namba ya mpokeaji vionekane, anatuma kwa msaidizi, naye anamtumia mteja. Bila picha hakuna nauli.

Hatua ya 7: Malipo yake

Lipa kwa oda iliyokamilika, kila Jumamosi, na bando liwe juu yako. Mshahara wa mwezi subiri mpaka oda zako zitulie, na ukifika huko andikianeni mkataba.

Mdogo wangu ameondoka na daftari tu, mengine nimemwambia yasubiri. Jana kanitumia picha ya ukurasa wa Jumatatu: saa nne na nusu za "bado ipo?", na dakika arobaini za kutunga ndala.