Diwani mpya: wahi bajeti kwanza, ziara za shukrani baadaye

Uchaguzi mkuu Tanzania hufanyika Oktoba, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Kwa hiyo diwani anayeapa mwishoni mwa mwaka anaingia kazini halmashauri ikiwa tayari inakusanya vipaumbele vya bajeti ijayo. Kata ikichelewa kupeleka vyake, itasubiri Julai ya mwaka mwingine.

Huanzi kazi kabla ya kiapo. Kikao cha kwanza cha baraza la madiwani ndicho cha kuapa, kumchagua mwenyekiti wa halmashauri au meya pamoja na makamu wake, na kupangwa kwenye kamati za kudumu. Kabla yake, soma Kanuni za Kudumu za halmashauri yako, zinazoongoza vikao vya baraza. Nakala utaipata kwa mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza. Ukishaapa, una siku 30 za kuwasilisha tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Linahusu pia mali za mwenza wako na watoto walio chini ya miaka 18. Hati za viwanja na taarifa za mikopo ya benki hazipatikani kwa siku moja, hivyo anza kuzifuatilia wiki ya kwanza.

Wiki hiyohiyo kaa na mtendaji wa kata. Muombe mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata (WDC) ya mwaka uliopita, taarifa za mapato na matumizi, na orodha ya miradi viporo. Kisha waone wenyeviti wa vijiji au mitaa. Wao walichaguliwa mwaka mmoja kabla yako na wanajua kila mradi ulikwama wapi. Mheshimu mtendaji: ni mwajiriwa wa halmashauri na anawajibika kwa mkurugenzi. Migogoro mingi ya kata huanzia hapo. Diwani akimtuma kama kijana wa kampeni, uhusiano unavunjika, naye ndiye katibu wa WDC. Vikao vinaanza kuyumba na mihtasari haifiki wilayani.

WDC unaiongoza wewe, na hapo ndipo kazi yako ilipo hasa. Itisheni kikao mapema, vipaumbele vikiwa vimeshapita vijijini au mitaani. Angalieni pia namna vinavyoandikwa. "Tunaomba kuboreshewa shule" haimsaidii afisa mipango. Andikeni hivi: "Boma la vyumba 2 vya madarasa limefikia lenta. Nguvu za wananchi: mawe, mchanga na tofali. Kinachoombwa: mbao, mabati, saruji ya sakafu na plasta, milango na madirisha." Ambatanisheni makadirio ya mhandisi wa halmashauri na muhtasari uliosainiwa. Vipaumbele viwe vichache na vipangwe kwa namba. Ukipeleka ishirini, wilayani watakuchagulia wao.

Kabla ya kuahidi lolote mkutanoni, jua nani anashika fungu. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017, na maji ya vijijini yako RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) tangu 2019. Baraza lako linaweza kuwahoji na kusukuma, lakini si lenyewe linalotekeleza. Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za miradi ya maendeleo ya jimbo la uchaguzi, nao unasimamiwa kupitia mbunge, na diwani hana mfuko wa aina hiyo. Waambie wananchi mapema, maana watakuja mlangoni siku ya pili wakiuliza.

Watauliza pia mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Usimwahidi mtu jina lake litapita. Waelekeze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, wasajili kikundi na waandae andiko la mradi. Ukianza kupenyeza vikundi vya waliokupigia kura, fedha hazirudi na vikundi vya kweli vinakosa.

Kwenye kikao cha kawaida cha baraza, ambacho hufanyika kila robo mwaka, utawasilisha taarifa ya kata. Maswali ya papo hapo yasikutoshe; yale yanayohitaji takwimu mpelekee mkurugenzi kwa maandishi mapema, kwa muda uliowekwa kwenye Kanuni, ili mkuu wa idara aje na jibu. Na likija jambo lenye maslahi yako, mathalani zabuni ya ndugu yako, litangaze na utoke nje kabla mjadala haujaanza.