Kurekebisha Rekodi ya Stirio Inayosikika Upande Mmoja

Katika makabati ya nyumba nyingi za Tanga zimebaki kaseti zenye sauti zisizopatikana mahali pengine popote: maulidi yaliyosomwa uani Ngamiani, shangwe za harusi, bibi akiwaghania wajukuu utenzi, na taarabu za Black Star na Lucky Star zilizonaswa kutoka redioni. Mtu anayezihamishia kwenye kompyuta hukutana mara kwa mara na kasoro moja, nayo ni kwamba sauti yote imekaa sikio la kushoto huku la kulia likiwa kimya, hata msikilizaji aliyevaa kisikilizio kimoja tu huweza kudhani kwamba faili ni tupu. Kasoro hii inarekebika, lakini dawa yake hufuata chanzo chake, kwa hiyo nakusihi usiguse chochote kabla hujajua kwa nini upande ule umenyamaza.

Nitatumia Audacity, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukifungua faili la stirio, yaani lenye njia mbili za sauti, moja kwa kila sikio, utaona michoro miwili ya mawimbi, wa juu ukiwa chaneli (njia ya sauti) ya kushoto na wa chini chaneli ya kulia. Ukuze mchoro ulionyamaza na uutazame vizuri, kwa sababu mstari ulionyooka kabisa, usio na sauti yoyote, na mstari wenye mawimbi madogo sana, wenye sauti hafifu au mvumo, ni mambo mawili tofauti.

Ikiwa sauti imetoka kwenye kaseti, rudi kwanza kwenye redio kaseti yenyewe. Katika mpangilio wa kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, njia mbili za stirio zimelazwa bega kwa bega mahali palepale ambapo rekodi ya mono, yaani yenye sauti moja tu isiyogawanywa kushoto na kulia, huchukua njia moja pana. Maana yake ni kwamba hata kaseti ya zamani iliyorekodiwa kwa mono, ikipigwa kwenye mashine ya stirio, hutakiwa kutoa sauti pande zote mbili. Ikitoa upande mmoja, aghalabu ukanda hauna kosa. Kosa liko kwenye hedi (sehemu ya mashine inayogusa ukanda na kuusoma) iliyochafuka, kwenye waya, au kwenye tundu ulilochomekea, kwani tundu la kipaza sauti la kompyuta ya mkononi mara nyingi hupokea chaneli moja tu. Badilishana plagi nyekundu na nyeupe kwenye redio kaseti: ukimya ukihamia upande wa pili, tatizo ni la redio kaseti, ukibaki palepale, tatizo ni la waya au la kompyuta. Hedi isafishwe kwa pamba iliyoloweshwa spiriti safi, iachwe ikauke, kisha urekodi upya. Kurekodi upya kunashinda ukarabati wowote wa kompyuta.

Kuna rekodi zisizorudiwa, kwa mfano hotuba ya mzee iliyonaswa kwa kipaza sauti kimoja kilichochomekwa kwenye tundu moja kati ya mawili ya kinasa sauti. Hapo ndipo programu inapohitajika. Tengeneza nakala ya faili kwanza, ufanye kazi kwenye nakala hiyo. Bofya jina la treki (mstari wa sauti uliofunguliwa kwenye programu), au vitone vitatu vilivyo kando yake katika matoleo mapya, uchague “Split Stereo to Mono”. Chaneli mbili zitatengana na kuwa treki mbili za mono. Sikiliza kila moja peke yake, kisha ifute iliyo kimya kwa kubofya alama ya X. Treki iliyobaki ni ya mono, yaani sauti moja inayopelekwa sawasawa kwenye spika zote mbili, na kwa sauti ya mtu mmoja anayezungumza au kughani hakuna zaidi kinachohitajika.

Wengi hukimbilia “Mix Stereo Down to Mono” kwa sababu ni hatua moja tu. Siipendekezi. Amri hiyo huchukua wastani wa chaneli mbili, hivyo chaneli moja ikiwa kimya, sauti nzuri hupungua kwa nusu, yaani takriban desibeli 6, na mvumo wowote uliomo katika upande mbovu huchanganywa humo. Hata pale ambapo pande zote mbili zina sauti, kaseti ya mono iliyopigwa na hedi iliyopinda kidogo hutoa chaneli zinazopishana kwa muda mfupi mno, na zikichanganywa, sauti nyembamba hufutana. Niliwahi kuchanganya hivyo kaseti ya utenzi, na herufi za “s” na “sh” zikafifia hadi vina vikapoteza makali. Nilipochagua chaneli moja tu, zilirudi.

Ikiwa upande wa pili haukunyamaza bali ni hafifu, na rekodi ni ya stirio halisi, kama kikundi cha taarabu chenye fidla upande mmoja na ngoma upande mwingine, usifute kitu. Chagua treki yote, fungua “Normalize”, na utie alama kwenye “Normalize stereo channels independently”, ili kila chaneli ipandishwe kwa kipimo chake. Mvumo wa upande hafifu utapanda pamoja na muziki. Ukizidi, afadhali uuache upande huo chini kidogo.

Zingatia pia rekodi ambayo kwenye visikilizio husikika pande zote lakini kwenye simu yenye spika moja hutoweka. Hapo chaneli mbili ni sauti ileile iliyogeuzwa, kilele cha moja kikikabili bonde la nyingine. Tenganisha chaneli kama nilivyoeleza, ubakize moja.

Mwishowe toa faili la WAV katika mono, au katika stirio ikiwa ulibakiza chaneli zote mbili. Lisikilize kwa kisikilizio cha kushoto peke yake, kisha cha kulia peke yake, na faili la awali lihifadhi bila kulibadilisha.