Kufunga apu kwenye simu: jua kwanza unamfungia nani

Watu wengi wakiamua kufunga apu kwenye simu wanaenda moja kwa moja Play Store, wanashusha apu yoyote yenye picha ya kufuli, wanaipa kila ruhusa inayoomba, wanaweka pini ya mwaka wa kuzaliwa alafu wanaona kazi imeisha. Baada ya siku chache mtoto yumo ndani kama kawaida. Sasa kabla hujagusa setingi yoyote jiulize unamfungia nani, maana kuna mtu anaeshika simu yako dakika kumi anakurudishia, kuna mtoto mwenye simu au tableti yake anayokaa nayo siku nzima, na kuna wewe mwenyewe ambaye kila ukikaa ufanye kazi kidole kinaenda Instagram bila hata kukuomba ruhusa. Kila mmoja hapo ana kufuli lake, ukiyachanganya ndo unakuta umemwekea mtoto kitu anachokitoa mwenyewe kwa kubonyeza mara moja.

Na vyote hivyo vimo ndani ya simu tayari au ni vya kampuni yenyewe. iPhone wana Screen Time (setingi ya kupanga muda wa simu na apu) tangu iOS 12, mfumo wa iPhone wa mwaka 2018, Android wakaja na Digital Wellbeing ya kazi hiyohiyo mwaka huohuo, na kwa upande wa watoto Google wana Family Link, apu ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, iliyoanza 2017. Mpangilio wa setingi unatofautiana simu na simu, Samsung wanaweka hapa Xiaomi wanaweka pale, kwahiyo usipokiona kitu nilipokitaja andika jina lake kwenye kile kisehemu cha kutafutia juu ya setingi, kitatokea tu.

Simu yako ipo mkononi mwa mtu kwa muda mfupi

Hapa usihangaike kufunga apu moja moja, we mfungie mtu ndani ya apu moja asitoke. Kwenye iPhone inaitwa Guided Access: ingia Settings, Accessibility, Guided Access, washa, weka pini yake ambayo isiwe ile ya kufungulia simu. Ukishamaliza fungua apu unayotaka aitumie, bonyeza batani ya pembeni mara tatu harakaharaka (zile simu za zamani ni batani ya chini ya kioo), gusa Start, basi. Atelezeshe kidole anavyotaka, haendi kokote.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba kabla ya kugusa Start unaweza kuchora duara kwa kidole juu ya kipande cha kioo na kipande hicho kikafa. Chukulia mtoto wa miaka mitatu anaangalia katuni, na chini ya video kuna safu ya video nyingine zinamwita, ye kila baada ya muda kidogo anagusa nyingine, katuni haziishi zinaanza tu. Zungushia safu yote hiyo kwa kidole, vuta kingo mpaka zikae sawa, juu yake kinakaa kivuli cha kijivu na mtoto atagusa pale mpaka achoke. Ndani ya Options kuna swichi ya Touch, ukiizima kioo chote hakisikii mguso wowote, na kuna Time Limit ambayo muda ukiisha simu inagoma yenyewe. Hiyo ya mwisho naipenda kwa sababu mtoto anagombana na simu, siyo na wewe.

Android nayo ina ya kwake, App pinning, ipo Settings kwenye mambo ya Security, Samsung utaikuta kwa jina la Pin app. Ukiiwasha washa pia ile inayodai pini kabla ya kutoka, usiiruke, bila hiyo mtoto anajifunza kutoka siku hiyohiyo. Kisha fungua apu, nenda kwenye orodha ya apu zilizofunguliwa karibuni, gusa alama ndogo ya apu juu ya kadi yake, chagua Pin. Kutoka ni kutelezesha kidole toka chini na kushikilia, au kama simu yako ina zile batani tatu za chini unashikilia ya kurudi nyuma na ya apu za karibuni kwa pamoja. Lakini ujue siyo kali kama ya iPhone, apu uliyoibana inaweza yenyewe kufungua apu nyingine na hilo Google wameliandika palepale unapoiwasha.

Kama shida siyo mtoto ila ni wale ndugu ukiwapa simu waone picha moja wanaanza ziara ya galari nzima, hapo ndo unafunga apu yenyewe. Kuanzia iOS 18 shikilia alama ya apu, chagua Require Face ID, na ukitaka isionekane kabisa kuna ya kuificha pia, japo Settings na nyingine chache za Apple hazifungiki hivyo. Android 15 imeleta Private space, chumba cha pembeni chenye kufuli lake ambacho apu unaiinstoli upya humo humo, na kikifungwa hata notifikesheni zake hazitokei. Samsung wana Secure Folder, Xiaomi wana kufuli la apu ndani ya simu tayari. Na kama ni chati moja tu unaificha, WhatsApp ina Chat Lock tangu 2023, huna haja ya kufunga WhatsApp nzima.

Mtoto mwenye simu yake

Hapa ndo kwenye kazi, na kosa kubwa linafanyika kabla hata ya kuweka kufuli: mzazi anampa mtoto simu iliyologiwa kwa akaunti ya mzazi. Simu inaamini aliyeishika ni mtu mzima, kila ruhusa anayo, sasa hapo utamdhibiti nani? Mtengenezee akaunti yake, na tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli.

Kwa Android unaweka Family Link kwenye simu yako (hata kama wewe unatumia iPhone inakubali) na kuunganisha akaunti yako na ya mtoto. Ukishaunganisha, kila apu unaweza kuipa dakika zake kwa siku, au kuibloku moja kwa moja, au kuiweka kwenye zile zinazoruhusiwa muda wote, na simu nzima unaipangia saa za kulala. Akitaka kushusha apu mpya ombi linakuja kwako. Ila kuna kitu: apu ambayo uliwahi kuikubali, ikifutwa akaamua kuirudisha haikuulizi tena. Kwahiyo ukibadili mawazo kuhusu gemu fulani usiifute ukadhani umemaliza, ibloku.

Kwa iPhone muingize kwenye Family Sharing (kundi la familia la Apple), mnaenea watu sita, kisha kwenye simu yako Settings, Screen Time, gusa jina lake. Downtime ni saa ambazo simu inalala, App Limits ni dakika za kila apu au za kundi zima kama magemu, Always Allowed ni zile zisizofungwa kamwe. Ukiwa kwenye App Limits hakikisha Block at End of Limit imewashwa, maana ikiwa imezimwa muda ukiisha mtoto anaona taarifa tu, anagusa Ignore Limit, anaendelea na maisha yake, na wewe ripoti unaisoma jioni unashangaa. Alafu ingia Content & Privacy Restrictions, sehemu ya manunuzi, kataza kuinstoli apu, kataza kununua vitu ndani ya gemu, na kataza kufuta apu. Hiyo ya kufuta watu wanaiacha, kumbe mtoto anaweza kufuta apu dakika moja kabla hajakuletea simu uikague na kioo kikawa kisafi kabisa.

Ushauri wangu, anza na saa za usiku kabla hujaanza kugawa dakika za apu moja moja. Sheria moja ya simu kulala saa fulani kila mtu nyumbani anaielewa na haina mjadala, lakini ukianza na apu kumi na nne kila moja na dakika zake utakuwa unaamua kesi kila siku, "mama niongezee tano", "baba hii ilijifunga nikiwa sijacheza". Na kupiga simu kwa wazazi kuache wazi muda wote, usije ukafunga mpaka mtoto akiwa na shida hawezi kukupata.

Sasa milango ya nyuma, maana kufuli likishakaa mtoto haanzi na kufuli anaanza na dirisha. Dirisha la kwanza ni brauza. Umebloku apu ya YouTube, ye anaandika youtube.com kwenye Chrome na kila kitu kipo vilevile. Kwahiyo bloku tovuti pia, kwenye Family Link kuna sehemu ya Chrome ya kuongeza tovuti unazozikataa, kwenye iPhone ni Web Content humohumo kwenye Content & Privacy Restrictions, na kwa mtoto mdogo kabisa chagua ile ya kuruhusu tovuti ulizoziorodhesha tu. Kuna pia vijibrauza vilivyojificha ndani ya apu nyingine, linki kwenye chati au tangazo la gemu linafungua ukurasa ndani kwa ndani, hivyo jaribu mwenyewe kabla hujaamini.

Dirisha la pili ni pini yenyewe. Wazazi wanaiandika mtoto akiwa begani kwao. Kama wewe ni mtu wa patani ndo mbaya zaidi: zima kioo, kiinamishe kidogo kuelekea kwenye mwanga, utaona mafuta ya kidole yamechora patani yako yote, kona kwa kona, na kwa kubahatisha mara mbili mtu anajua inaanzia wapi. Tumia pini ndefu. Na ingia kwenye setingi za alama za vidole kwenye simu yako wewe, hesabu zipo ngapi, maana watoto wengi kidole chao kiliwekwa zamani ili wasisumbue kuomba simu ifunguliwe, na kidole hichohicho leo kinafungua kila apu uliyoifunga kwa alama ya kidole. Kifute.

Mengine ni ya haraka. Saa ya simu iwe ya kujiweka yenyewe, kwasababu baadhi ya apu za kufungia zinafuata saa iliyopo kwenye simu na ukirudisha saa nyuma dakika nazo zinarudi. Ruhusa ya kuinstoli apu kutoka nje ya Play Store izimwe kwenye brauza, kwenye WhatsApp na kwenye apu ya mafaili. Na kama simu ina sehemu ya kuongeza mtumiaji mwingine au mgeni, izime, mgeni anaingia na simu mpya isiyo na sheria hata moja.

Unajifungia mwenyewe

Digital Wellbeing unaweka taima ya apu, muda ukiisha alama yake inageuka kijivu na haifunguki mpaka saa sita usiku. Focus mode unachagua apu zinazokusumbua zikalala zote kwa pamoja na notifikesheni zake, unaweza kuipangia saa za kazi ijiwashe yenyewe. Nzuri, lakini ufunguo unao wewe, na siku ya uvivu utautumia. Dawa ni moja, mpe mtu mwingine aweke pini: kwenye iPhone mwambie mwenzako au rafiki aandike pini ya Screen Time wewe ukiangalia pembeni. Akiulizwa hapo akaunti ya kurudishia pini aweke ya kwake, asiweke ya kwako.

Usipotaka kwenda mbali hivyo anza na notifikesheni, zima zote isipokuwa za watu halisi wanaokuandikia wewe. Kisha apu inayokula muda wako zaidi ifute, uwe unaingia kwa brauza na kulogauti kila ukimaliza, ule usumbufu wa kuandika paswedi unatosha kukukumbusha ulikuwa unafanya nini. Kuna wanaogeuza kioo kiwe cheusi na cheupe, iPhone ipo kwenye Color Filters ndani ya Accessibility, Android unaikuta kwenye Bedtime mode. Kwa baadhi ya watu inasaidia sana, wengine wanazoea tu.

Zile apu za kufungia za watu baki

Sizikatazi, kwenye simu ya zamani isiyo na kufuli lake unaweza usiwe na njia nyingine. Ila nyingi zinaomba ruhusa ya Accessibility, na ruhusa hiyo inaiwezesha apu kusoma kilichopo kwenye kioo chako na kubonyeza kwa niaba yako, sasa fikiria unampa nani, hasa kama simu hiyohiyo ndo yenye benki. Alafu simu nyingi za Android zikiwashwa kwa safe mode apu zote ulizoinstoli hazifanyi kazi, kufuli likiwemo. Mtoto wa sekondari analijua hilo.

Ukisahau pini

Guided Access ikikunasa, izime iPhone kwa nguvu: sauti juu, sauti chini, shikilia batani ya pembeni mpaka itokee alama ya Apple. Pini ya Screen Time inarudishwa kwa ile akaunti ya Apple uliyoandika siku ya kuiweka, ya mtoto unaibadilisha kutoka kwenye simu yako. Apu ya mtu baki, safe mode na kuifuta. Na Family Link, kama simu ya mtoto imejifunga na haina intaneti kwahiyo haipokei ruhusa unayomtumia, fungua Family Link kwenye simu yako kuna namba ya siri ya mzazi, msomee aiandike kwenye simu yake inafunguka bila mtandao, na kwa kuwa namba hiyo hubadilika hawezi kuikariri akaitumia kesho.