Umepangiwa neno jumuiyani na moyo unakataa

Ratiba imeshatumwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, yaani waumini wa mtaani mnaosali pamoja nyumbani: Jumamosi ijayo, neno (kufafanua maandiko), jina lako. Wazo la kwanza ni kumwandikia katibu kwamba umepata dharura. Usimwandikie leo. Jibu la siku ya kwanza mara nyingi ni la woga, kwa hiyo lilalie siku mbili.

Chukua daftari uandike kila "siwezi" kwenye mstari wake, jinsi inavyokuja kichwani: sijui kufafanua maandiko, sauti inatetemeka, majirani wanajua nilivyokuwa, natoka kazini usiku. Kisha pembeni ya kila mstari andika aina yake: kujifunza, woga, toba au muda. Kosa kubwa ni kuyatia yote kwenye kapu moja liitwalo "sistahili", maana kapu hilo halina dawa. Usilolijua utalisoma. Woga hupungua kwa kutenda tu. Zamu inaweza kubadilishwa, na kuomba kubadilishana si kuukimbia wito. Toba ndiyo ngumu: kama una deni au ugomvi na mwenye nyumba mtakamokutana, nenda mkayamalize kabla ya Jumamosi. Maandalizi mazuri hayazibi pengo hilo.

Halafu soma Kutoka 3:11 hadi 4:17 kwa mkao mmoja. Mungu anamtuma Musa awatoe Waisraeli Misri, naye anatoa udhuru mara tano. Angalia kwamba Mungu hamwambii popote kuwa ni msemaji mzuri. Anamwambia "nitakuwa pamoja nawe". Nne za kwanza zinajibiwa kwa upole, hata ile ya ulimi mzito. Hasira inawaka kwenye ya tano, Musa anapoomba atumwe mtu mwingine, kwa sababu hapo hakuna tena udhuru, ni kukataa. Na hata hapo anapewa kaka yake Haruni amsemee, ambaye tayari yuko njiani anakuja. Tafuta Haruni wako mapema: mmoja aongoze nyimbo, mwingine maombi, wewe ubaki na neno tu.

Zamu moja si wito wa maisha. Kijana Samweli alisikia sauti akamkimbilia kuhani Eli mara tatu kabla mzee hajatambua kuwa ni Mungu anayeita, kwa hiyo usione haya kuuliza. Mwendee mzee wa kanisa au mchungaji na swali moja: "Unaniona ninafaa wapi, na wapi bado?" Anayetaka sadaka kwanza ndipo akuthibitishie wito, muage uondoke. Na usirudie rudie kuomba ishara kama Gideoni na ngozi yake ya kondoo. Yeye alikuwa ameshaambiwa na Mungu aende.

Maandalizi yenyewe: dakika 10 hadi 12 zinatosha, kwa mistari 5 hadi 8 ya Biblia. Jumatatu soma mara tatu, moja kwa sauti. Jumanne andika nani anasema, anamwambia nani, na mwishoni nini kimebadilika. Jumatano chagua hoja moja inayosemeka kwa pumzi moja. Ukiwa na tatu, mbili zitunze kwa zamu nyingine. Alhamisi tafuta mfano wa mtaani kwenu, hata ule wa ndoo zilizopangwa bombani zikisubiri maji. Ijumaa liseme lote kwa sauti ukijipima kwa saa ya simu. Ukipata siti kwenye daladala ya Mbagala unaweza kusoma njiani. Ukiwa umening'inia mlangoni usijidanganye, panga saa nyingine.

Andika kwenye daftari, si karatasi moja, kwa sababu sebule nyingi za Dar zina feni na feni haina adabu. Herufi ziwe kubwa, umeme ukikatika usome kwa tochi ya simu. Kama Biblia yako iko kwenye simu, zima data, la sivyo ujumbe wa mkopo utaingia katikati ya Zaburi. Mikono ikitetemeka, weka Biblia juu ya stuli. Sentensi ya kwanza ijue kwa moyo, maana dakika ya kwanza ndiyo inayoangusha wengi. Ukipotea, soma mstari ule tena polepole. Watu watadhani unausisitiza.

Usianze kwa "mimi si mhubiri, mnisamehe". Ukisema hivyo umewaambia wasikilizaji wakutazame wewe badala ya neno. Usiige sauti ya mikutano ya hadhara pia. Watu 12 kwenye makochi hawahitaji kupigiwa kelele. Ukiulizwa usilolijua, sema: "Hilo nitamuuliza mchungaji, nitaleta jibu wiki ijayo." Kisha lilete kweli.

Kabla hamjatawanyika, muulize mmoja asiyependa kukupamba: kipi kimeeleweka, wapi nimekupoteza? Majibu yaandike chini ya ule ukurasa wa "siwezi", pamoja na tarehe, na ufute mistari ambayo haikutokea. Zamu inayofuata ipokee. Ila wakikuona umeweza wakataka wiki hiyohiyo uwe mhazini pia, waambie kwa upole bado.